Kifuko cha maji ukeni wakati wa mimba: maswali kutoka benchi la CPN (kliniki ya wajawazito)

Kadutu, Bukavu. Mama mwenye mimba ya miezi mitano ameambiwa ana kifuko cha Gartner, kijifuko cha maji kwenye ukuta wa uke. Si jambo la kila siku. Alimuuliza munganga, yaani daktari, hivi:

Munganga, hii ni kansa?
Si kansa, na kugeuka kansa ni nadra mno.

Basi kimetoka wapi?
Chanzo chake ulizaliwa nacho, mama. Mtoto akianza kuumbwa, awe wa kike au wa kiume, huwa na mirija ya aina mbili. Aina moja hutengeneza njia za mbegu za mwanaume. Kwa msichana hunyauka. Kipande kikibaki kando ya uke, chaweza kujaa maji polepole. Mpasuaji wa Denmark, Hermann Treschow Gartner, aliueleza mrija huo mwaka 1822. Kwa hiyo jirani anayenong'ona habari za ulozi, au za ujana wako, amekosea kabisa.

Mbona sikukisikia?
Mara nyingi hakizidi sentimita 2 wala hakiumi.

Mkunga wa kwanza alisema ni kibofu kinashuka.
Usimlaumu. Vyote viwili hujitokeza kama uvimbe laini ukeni. Ekografi (picha ya ndani ya mwili kwa mashine) husaidia kuvitenganisha, na ukiwa pale omba waangalie figo pia. Mrija ule na figo hukua jirani tangu tumboni, ndiyo maana baadhi ya wanawake wenye kifuko hiki hukutwa na figo moja tu. Ni swali dogo, lakini wengi hawaliulizi.

Nitazaa kwa njia ya kawaida?
Kwa kawaida ndiyo. Kikiwa kikubwa hata kuziba njia, daktari anaweza kuvuta maji kwa sindano, kichwa cha mtoto kipite. Maji huweza kurudi, hivyo kukitoa kabisa kwa kawaida hungojea baada ya uzazi.

Tantini anataka kuniwekea majani.
Mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Wala mtu asikitoboe kwa wembe: uchafu ukiingia, unakuumiza wewe na mtoto. Ukipata homa, usaha, damu au maji yanayovuja, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika, ni jambo lingine: huenda ovari (kiungo cha mayai ya uzazi) imejisokota. Hapo usingoje asubuhi, hata kama mvua imeharibu barabara.