Zumu si kuona mbali

Wiki hii nimeulizwa tena. Nilikuwa nimebeba lenzi ya milimita 400, na jamaa mmoja mpenzi wa kamera, mwenye vifaa vizuri kunishinda, akaitupia jicho: "Kaka, zumu hiyo inafika ngapi?" Nikamjibu kwamba haina zumu. Akacheka, akidhani namfanyia mzaha. Lenzi kubwa namna ile itakosaje zumu? Haikupita saa moja, mwingine akawa anaisifia simu yake "zumu ya mara mia". Nikaona nisiponena leo nitakuja kunena vibaya siku nyingine.

Zumu ni uwezo wa lenzi kubadilisha urefu wake wa fokasi. Basi. Urefu wa fokasi ni ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lenzi: ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana, ikiwa kubwa, huona kipande chembamba na kukijaza kwenye fremu. Lenzi yenye namba mbili zenye kistari katikati, 24–70 au 100–400, ni zumu. Yenye namba moja, iwe 50, 85 au 600, si zumu. Hiyo wapiga picha huiita praimu. Katika maana hiyo yote, umbali haukutajwa.

Chukua Canon ya 11–24 iliyotoka mwaka 2015. Ni zumu kamili. Ukiizungusha hadi mwisho wake inaona upana unaokaribiana na wa kamera kuu ya simu nyingi, na ukiirudisha mwanzo inaona pana kiasi kwamba usipoangalia utapiga na vidole vya miguu yako mwenyewe. Kuona mbali hakumo kabisa. Sasa chukua Canon nyingine, ile ya milimita 1200 ya enzi za filamu, yenye uzito wa kilo 16 na nusu. Hiyo inamfuata ndege aliye mbali mpaka unaona manyoya, na zumu haina hata chembe. Ukiwa nayo na ndege akakusogelea, huna la kufanya isipokuwa kurudi nyuma wewe na kilo zako.

Kosa hili lina asili yake, na asili yenyewe ni tamu kuliko kosa.

Neno zoom la Kiingereza lilianza kama mlio. Ni tanakali ya sauti, jamaa ya zile zetu: kitu kimepita vuu, kimeanguka pu. Mwishoni mwa karne ya 19 lilitumika kwa mvumo wa kitu kinachokwenda kasi. Kisha, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, marubani wakalichukua. Kwao kuzumu kulikuwa kuinua pua ya ndege ghafla na kupanda kwa kasi kuelekea juu. Baadaye watu wa filamu wakaliazima, na ukifikiri utaona kwa nini: picha inapovutwa huku kamera ikiendelea kurekodi, mtazamaji hujihisi kama amerukia kile kitu mwenyewe. Tangu kwenye mlio hadi kwa rubani hadi kwa mpiga filamu, neno hili limekuwa la mwendo. Halijawahi kuwa neno la mahali. Lenzi ambayo urefu wake wa fokasi hauendi popote haiwezi kuzumu, kama ambavyo ndege iliyoegeshwa haiwezi kupaa hata iwe imeegeshwa juu ya mlima.

Inafurahisha pia kwamba kifaa kilitangulia jina. Mwaka 1932 kulikuwa tayari na lenzi ya kamera za sinema, Cooke Varo, iliyokwenda kutoka milimita 40 hadi 120. Iliitwa Varo, jina linalodokeza kubadilika, na laiti jina hilo lingeshika, leo nisingekuwa naandika haya. Lililoshika ni la Frank Back, ambaye katika miaka ya 1940 alitengeneza lenzi za filamu na televisheni akaziita Zoomar. Ni huyohuyo aliyesanifu ile Voigtländer Zoomar ya mwaka 1959, 36–82, lenzi ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa kamera za picha za mnato za filamu ya milimita 35. Itazame tena hiyo namba ya mwisho: 82. Zumu iliyofungua njia kwa wapiga picha wa kawaida iliishia pale ambapo lenzi za kupigia nyuso huanzia.

Sisi kwa Kiswahili tukalipa kazi hiyo neno kuvuta. Vuta picha, vuta karibu. Ni tafsiri nzuri, na sauti yake inafanana na ule mlio wa mwanzo, ingawa hiyo ni bahati tu. Lakini nadhani hapo ndipo mguu ulipoteleza. Kinachovutwa huja kwako. Ukisema lenzi inavuta, anayekusikia anaona kitu cha mbali kikisogezwa karibu, basi. Lakini pete ya zumu huzunguka pande mbili, na mara nyingi anayepiga harusi au mkutano huizungusha kwenda upande wa pana, ili watu waingie wote. Hatuna mazoea ya kusema "sukuma picha". Nusu ya kazi ya zumu ikakosa kitenzi, na kitu kisicho na kitenzi husahaulika upesi.

Kile watu wanachokitaka wanaposema zumu, yaani lenzi ya kuona mbali, kina jina lake: telefoto. Tele ni Kigiriki, maana yake mbali, ileile iliyomo kwenye televisheni na telegramu. (Usiichanganye na tele yetu ya "chakula tele", ingawa ukiona bei za lenzi hizi utadhani ndiyo yenyewe.) Foto ni nuru. Na kama Kigiriki hakikupendezi, sisi tunalo neno la ukoo huo: darubini limetoka Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona. Mtu anayetazama kwa darubini haulizi inabadilika kutoka ngapi hadi ngapi. Anajua inaleta mbali karibu, na inamtosha.

Hapa lazima nikiri jambo, kwa sababu mjuzi zaidi yangu atanikamata nisipokiri. Telefoto nayo ina maana nyembamba kuliko tunavyoitumia. Kwa wasanifu wa lenzi, telefoto si kila lenzi ndefu, bali ni lenzi iliyopangwa vioo vyake hivi kwamba umbo lake ni fupi kuliko urefu wake wa fokasi: vioo vya mbele vinakusanya nuru, kundi la nyuma linaitawanya kidogo, na lenzi inajifanya ndefu kuliko ilivyo. Thomas Dallmeyer wa Uingereza alikuwa na muundo huo mwaka 1891, na wapo waliokuwa wakiufikia Ujerumani wakati uleule. Nikon ya milimita 300 ya mwaka 2015, ile yenye kioo cha aina ya Fresnel, haifiki sentimita 15. Hata ukiongeza nafasi iliyopo kati yake na sensa, yaani kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea nuru, bado hujafika sentimita 20, wakati urefu wake wa fokasi ni sentimita 30. Hiyo ni telefoto hasa. Hata neno zumu lina walinzi wake: wanasema lenzi inayostahili jina hilo sharti picha ibaki kali vilevile wakati inavutwa, na zile zinazopoteza ukali kidogo, ambazo ni nyingi miongoni mwa lenzi za picha za mnato, zinapaswa kuitwa kitu kingine. Mimi siendi huko. Katika ubishi wa maneno kila mtu huchagua pa kusimama, nami nimesimama hapa katikati, kati ya lugha ya mtaani na ya wasanifu.

Kinachoniudhi zaidi ni ile "mara".

Kwenye kamera ndogo, zile ambazo lenzi yake haibadilishwi, "zumu mara 10" ni hesabu ya kugawanya: urefu mkubwa gawa kwa urefu mdogo. Nikon P1000 ya mwaka 2018 iliandikwa mara 125 kwa sababu inaanza na upana wa lenzi ya milimita 24 na kuishia na wembamba wa lenzi ya 3000. Gawanya, unapata 125. Namba hiyo inakwambia safari ni ndefu kiasi gani, haikwambii safari inaishia wapi. Ndiyo maana lenzi ya 24–70, ambayo hakuna anayeiita ya kuona mbali, ina zumu kubwa kidogo kuliko 70–200 ambayo kila mtu anaipungia mkono. Fanya hesabu mwenyewe: 70 kwa 24 ni 2.9, na 200 kwa 70 haijafika hapo.

Kwenye simu, "mara" imebadilika maana bila mtu kutangaza. Simu ikisema mara 5, haisemi kwamba lenzi fulani inabadilika mara tano. Inasema kuna lenzi nyingine pembeni ambayo inaona wembamba mara tano kuliko ile kuu. iPhone 15 Pro Max ya mwaka 2023 ina lenzi kuu inayoona upana wa lenzi ya milimita 24 na nyingine ya 120. Mia na ishirini gawa kwa ishirini na nne ni tano, sawa, lakini ni lenzi mbili tofauti, kila moja praimu, kila moja imetulia mahali pake. Unapofungua vidole kwenye kioo, simu inakata picha ya lenzi kuu, inakata, inakata, kisha inarukia lenzi ya pili. Mara nyingine unaiona ikiruka, rangi inabadilika kidogo na picha inashtuka. Huko si kuvuta, ni kuhama.

Simu zenye zumu ya kweli zimekuwepo, chache. Sony Xperia 1 IV ya mwaka 2022 ina lenzi ambayo vioo vyake vinasogea humo ndani, kutoka upana wa lenzi ya milimita 85 hadi wa 125. Hesabu hiyo ni mara moja na nusu, tena kwa kuongezea kidogo. Wahandisi walifanya kazi ngumu ndani ya kitu chembamba kama daftari, na kwenye tangazo namba yao inaonekana maskini mbele ya "mara mia" ya jirani.

Hiyo mara mia basi tuipime. Samsung Galaxy S20 Ultra ya mwaka 2020 iliandikwa hivyo mgongoni. Lenzi yake ndefu, iliyolazwa ubavu kama periskopu, kwa kioo peke yake ilifika mara 4. Kutoka 4 hadi 100 ni kukata picha mara 25 kwa upana na mara 25 kwa urefu, yaani unabaki na sehemu moja katika 625. Hata tukiihesabia sensa yake pikseli zote milioni 48, zinazobaki ni 76,800. Ni picha ya 320 kwa 240, saizi ya video za simu za zamani zile za vitufe. Kingine chote unachokiona kwenye kioo kimejazwa na programu.

Sisemi programu ni ulaghai. Zipo zinazochukua fremu nyingi mfululizo, zikautumia mtetemo mdogo wa mkono wako kuokota maelezo ambayo fremu moja isingeyapata. Google Pixel 3 ilifanya hivyo mwaka 2018, na maelezo hayo yalikuwepo kweli mbele ya lenzi. Zipo pia zinazokisia kilichopaswa kuwepo na kukichora, na hizo zinaongezeka. Zote mbili zinaandikwa zumu kwenye kioo. Moja imeona, nyingine imebuni, na wala hakuna kati yao iliyobadilisha urefu wa fokasi.

Yule jamaa wa kwanza nilimpa ile 400 aishike. Akatafuta pete ya kuvutia, akaizungusha aliyoikuta, picha ikawa ukungu, kwa sababu ilikuwa pete ya kunoa picha. Akatafuta nyingine, hakuna. "Sasa nikitaka mtu aingie mzima?" Nikamwonyesha nyuma yake, akarudi hatua, kisha nyingine, kisha tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Aliporudi nilimwambia kwa upole kwamba wakati mwingine akiona lenzi ya mtu asiulize zumu yake inafika ngapi. Aulize ni milimita ngapi. Akijibiwa namba mbili, hiyo ni zumu.