Waranti, garantii na dhamana: kamera haijidhamini

Waranti ni ahadi. Mtengenezaji au muuzaji anasema: kitu hiki kikiharibika kwa kosa la kiwandani ndani ya muda fulani, gharama ni yangu. Maana haizidi hapo, na wengi mnaijua. Ninachotaka kuzungumzia ni jinsi tunavyolitumia neno lenyewe, kwa sababu juzi nimelisikia tena likitumika vibaya, na safari hii aliyeumia ni kijana mwenye kamera ambayo deni lake halijaisha.

Alinifuata jioni hapa Majengo, kamera kaifunga kwenye kanga. Alikuwa akipiga picha za mahafali tangu asubuhi, na mchana ikagoma: kioo kikaandika "Err", shata, yale mapazia ya ndani yanayofunguka kupitisha mwanga wa picha, ikabaki imefunga. Nikatoa lenzi, nikamulika kwa tochi. Pazia moja la shata lilikuwa limetoka kwenye mstari na kukunjika pembeni, na ukingoni mwake kulikuwa na vumbi laini, hili letu la Dodoma la kiangazi linalopenya hata kwenye begi lenye zipu. Nikamwambia shata hii ni ya kubadilisha. Hakushtuka hata kidogo. "Hamna shida kaka, hii ina waranti."

Nikaomba karatasi. Kadi ilikuwepo, imeandikwa lugha kadhaa. Mahali pa tarehe ya kununua patupu. Mahali pa muhuri wa muuzaji patupu. Risiti hana. Kamera ilitoka Dubai mkononi mwa mtu, ikapita Kariakoo, ikamfikia yeye. Nikamuuliza hiyo waranti kapewa na nani. Akanitazama kama nimeuliza jua limenunuliwa wapi. "Si ya kamera yenyewe?"

Hapo ndipo kosa lilipo, na si lake peke yake. Tumezoea kusema "ina waranti" kama tunavyosema ina betri mbili, au ina rangi nyeusi. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanamaanisha kwamba kitu ni imara, au ni orijino. Kuna na wale wa madukani wenye somo lao: garantii ni ya kubadilishiwa kipya, waranti ni ya kutengenezewa. Nimesikia watu wakibishana hilo mpaka mishipa ya shingo inasimama.

Ukweli ni kwamba waranti na garantii ni neno moja. Asili yake ni lugha ya Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala nchi inayoitwa leo Ufaransa. Wafaransa wa kaskazini, Wanormani wakiwemo, walilitamka kwa w, na baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066 wakaliingiza huko. Wafaransa wa Paris waliigeuza w ikawa g, na Waingereza baadaye wakalichukua tena kwa sura hiyo ya pili. Sisi tunazo jozi kama hiyo bila kujua: wodi ya hospitali na gadi wa treni yametoka kwenye mzizi mmoja wa kulinda, moja likabaki na w, jingine likapita kwa Wafaransa likatoka na g. Kwa hiyo duka linaweza kutenganisha waranti na garantii kwa desturi yake, lakini tofauti hiyo haimo ndani ya maneno. Imo kwenye kilichoandikwa katika karatasi, na kama hakikuandikwa, hakipo.

Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla ya kuyapokea haya mawili: dhamana, kutoka Kiarabu. Na dhamana haina utata, kwa sababu haiwezi kusimama bila mdhamini. Nenda mahakamani ukamtolee ndugu yako dhamana uone. Watakutaka barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, watataka kujua unakaa wapi, kisha utie sahihi. Hakuna hakimu atakayekubali ukimwambia mshitakiwa "ana dhamana" halafu ukakaa kimya. Atakuuliza: mdhamini yuko wapi?

Kamera nayo ni hivyo hivyo. Kampuni nyingi huweka dhamana kwa nchi au eneo ambako kamera iliuzwa kihalali. Tawi la Nikon la Marekani, kwa mfano, halitambui waranti ya kamera ambayo halikuiingiza lenyewe nchini. Karatasi hizo pia huondoa anguko, maji, mchanga, na kazi ya fundi asiyeidhinishwa. Na ile namba ya shata inayotajwa kwenye sifa za kamera, tuseme mibofyo 150,000, ni kipimo cha majaribio tu, hakuna aliyeiwekea sahihi. Mpiga picha wa harusi anayebofya mara 2,000 kila wiki anaifikia kwa mwaka mmoja na nusu.

Upande mwingine, mdhamini akiwepo kweli, anaweza kubeba hata zaidi ya karatasi. Nikon D600 iliyotoka mwaka 2012 ilisumbua watu kwa madoa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na mwaka 2014 kampuni ikatangaza kuzikagua, kuzisafisha na kubadilisha shata bure, hata zile ambazo muda wake wa waranti ulikwisha. Na hapa kwetu muuzaji hajifichi nyuma ya kadi tupu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, na kumlinda mlaji ni kazi yake. Lakini huko nako unaanza na risiti yenye jina la aliyekuuzia.

Nilimwambia yule kijana atafute kwanza namba ya aliyemuuzia Kariakoo, amuulize ahadi ni ya kwake, ya duka au ya kampuni, na amtake muuzaji huyo amwandikie jibu kwa ujumbe. Na sentensi yake nikamrekebishia taratibu, maana ataendelea kununua kamera. Asiseme "ina waranti." Aseme "fulani amenidhamini kamera hii mpaka mwezi fulani." Akishindwa kujaza hilo fulani, bado hajapewa waranti.