Udhihirishaji wa jeni si jeni kubadilika

Kila ikitajwa saratani ya korodani, hakosi mtu wa kusema "jeni zake zimebadilika", na sentensi inayofuata huwa "basi na wanawe wajiandae". (Wapo pia wanaoichanganya na saratani ya tezi dume, ambayo ni ya kiungo kingine na huwapata zaidi watu wazima wa makamo kwenda juu. Hii ya korodani huwaandama vijana, miaka 15 hadi 40 hivi. Hilo tuliache.)

Udhihirishaji wa jeni, unaochanganywa na kubadilika huko, maana yake ni fupi. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo. Kudhihirika kwake ni maagizo hayo kunakiliwa kuwa RNA, na mara nyingi nakala hiyo kutumika kutengeneza protini. Seli ya ini na seli ya ngozi za mtu mmoja zina DNA ile ile. Zinatofautiana kwa jeni zipi zimewashwa, zipi zimezimwa, na kwa kiasi gani.

Jeni kubadilika ni herufi za DNA zenyewe kufutika, kuongezeka au kukosewa. Herufi zikikosewa, udhihirishaji waweza kuvurugika. Ila unaweza kuvurugika herufi zikiwa salama salimini, na hapo ndipo uvimbe wa seli za uzazi, ambao ndio saratani ya korodani ya kawaida, unapotuumbua. Ukiulinganisha na saratani ya mapafu, makosa yake ya herufi ni machache mno. Ndiyo, baadhi ya seminoma (aina moja ya uvimbe huu) zina hitilafu katika jeni ya KIT. Ndiyo, karibu kila uvimbe uliokwisha kupenya nje ya mirija ya mbegu una nakala za ziada za mkono mfupi wa kromosomu ya 12 (kromosomu ni vifurushi vya DNA ndani ya seli). Lakini nakala za ziada ni suala la wingi. Maagizo yaliyomo yanaweza kuwa sahihi kabisa.

Kilichoharibika zaidi ni uwashaji na uzimaji. Mwaka 1972 Niels Skakkebæk, daktari wa Denmark, alieleza seli zisizo za kawaida ndani ya mirija ya korodani za wanaume waliokuwa na tatizo la uzazi, kisha wakapata saratani. Seli hizo zinafanana sana na seli za uzazi za mtoto aliye tumboni. Jeni ya OCT4, ambayo kwa kawaida huzimika korodani zikiwa bado za kichanga, humo bado inafanya kazi. Sampuli ikipakwa kingamwili ya OCT4, inayoinasa protini ya jeni hiyo na kuionyesha kwa rangi, viini vya seli hizo hugeuka kahawia, vimejipanga ukingoni mwa mrija, na majirani zao hawana rangi hiyo hata chembe. Kwa hiyo hata "imewashwa" ni neno la kutumia kwa uangalifu. Yaelekea haikuwahi kuzimwa.

Anayetaka ushahidi zaidi aitazame teratoma, aina nyingine ya uvimbe huu. Ndani ya uvimbe mmoja utakuta gegedu hapa, utando kama wa utumbo pale, na pembeni seli changa ambazo bado hazijachagua kazi. Zote zina asili moja, na zote hubeba ile ziada ya kromosomu ya 12. Sehemu nyingine ikijigeuza kuwa kama kifuko cha kiini cha mimba, itamwaga protini iitwayo AFP kwenye damu. Ndiyo maana mgonjwa aliyeambiwa ana seminoma tupu, AFP yake ikawa juu bila sababu nyingine, hutibiwa kama asiye na seminoma tupu: seminoma haitengenezi AFP.

Kero yangu ya pili ni kwa wanaojua tofauti hii na bado wanajikwaa. Wanachukua kipande cha uvimbe na kipande cha korodani yenye afya, wanapima RNA, kisha wanatangaza kwamba jeni za kutengeneza mbegu "zimeshuka". Zimeshuka wapi? Seli zinazotengeneza mbegu hazimo humo kwenye uvimbe. Wauza samaki wakihama sokoni, kelele za samaki hupungua bila hata mmoja wao kunyamaza. Vivyo hivyo jeni za kinga "zilizopanda" kwenye seminoma: mara nyingi ni chembe nyeupe za damu zilizojazana humo, si seli za saratani zilizojifunza kazi mpya.

Urithi una nafasi yake. Ndugu wa kiume wa mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi kuliko mtu baki, na hatari hiyo kwa sehemu hutokana na tofauti ndogondogo nyingi za DNA walizozaliwa nazo, kila moja ikichangia kidogo. Swali hilo ni halali, aulizwe daktari. Ila ukisoma kwamba udhihirishaji wa jeni fulani umepanda ndani ya uvimbe, ulizia kwanza umepanda kulinganisha na tishu gani, na watoto waache kwanza wakacheze.