Chapra hakuwahi kuzaliwa

Katika maktaba ndogo ninayoitunza hapa Tabora, juzuu za "Buddha", manga (katuni ya Kijapani) ya Tezuka Osamu iliyotoka kwa mfululizo kuanzia 1972 hadi 1983, hazikai rafuni siku mbili, jambo linalonifurahisha sana. Linalonikera ni swali ambalo wiki hii nimeulizwa kwa mara ya tatu: "Mwalimu, huyu Chapra alifariki mwaka gani?"

Chapra hakufariki mwaka wowote, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Tezuka alimbuni kijana huyo mtumwa anayelelewa kama mwana wa jemadari, akambuni pia Tatta, mtoto wa watu waliotengwa ambaye roho yake huingia katika miili ya wanyama, ili msomaji auone uchungu wa matabaka ya India ya kale. Mapokeo ya Wabuddha yanawataja wengine: Suddhodana, baba yake Siddhartha, ambaye ndiye Buddha mwenyewe, Maya, mama yake, aliyefariki siku saba baada ya kujifungua, mkewe Yasodhara na mwanawe Rahula. Yanasema Siddhartha aliondoka nyumbani akiwa na miaka 29, akaamka kiroho huko Bodh Gaya, India, akiwa na 35, akafariki Kushinagar akiwa na 80. Hata Devadatta, ambaye mapokeo yanamjua kama ndugu aliyemgeuka, Tezuka amempa utoto wa kuishi na mbwa mwitu.

Mchoraji akimwongezea Mtemi Isike, aliyefariki 1893 akipigana na Wajerumani, mpagazi anayezungumza na fisi, mtu wa Tabora atautambua ubunifu huo papo hapo, kwa kuwa habari za Isike amezisikia nyumbani. Za Siddhartha hajazisikia. Ndiyo maana namsihi kila anayeazima juzuu ya kwanza aandike kwanza majina ya mapokeo kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kitabu. Wasionisikiliza ndio wanaorudi na swali la Chapra.

Wapo pia wanaodhani Buddha ni mungu muumbaji, ilhali ni mwalimu, binadamu, na neno lenyewe ni cheo chenye maana ya aliyeamka. Mzee mnene anayecheka kwenye sanamu za madukani ni mtu mwingine kabisa, Budai, mtawa wa China.

Na kwa mzazi anayeamini kwamba katuni zote ni za watoto: humu mna mauaji na miili iliyo uchi, kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya msingi simwazimi, hata akija na barua yako.