Kamati ya Bunge: maana yake, na nani anaishika

Ukitazama Bunge kwenye runinga unaona maswali na majibu, meza zikigongwa, mtu akiomba mwongozo wa Spika. Lakini sehemu kubwa ya kazi huwa imeshafanyika kwenye chumba cha kamati. Huko wajumbe wachache wana makabrasha mbele yao, na katibu mkuu wa wizara hawezi kujificha nyuma ya hotuba.

Kamati ya Bunge ni kundi la wabunge linalokabidhiwa eneo moja la kazi ili walichambue kwa niaba ya wenzao. Tanzania inazitambua katika ibara ya 96 ya Katiba. Kamati teule huundwa kwa jambo moja, ikamaliza ikavunjwa. Iliyoongozwa na mbunge Harrison Mwakyembe ilichunguza mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Taarifa ikasomwa Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kamati za kudumu hazina kishindo hicho kila siku. Za kisekta hupitia miswada na bajeti za wizara. Ile ya Hesabu za Serikali, PAC, hushika ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kumwita afisa masuuli, mtendaji anayewajibika kwa fedha za taasisi, ajibu hoja: fedha ziliidhinishwa na nani, hati za malipo ziko wapi?

PAC iliyoongozwa na mbunge Zitto Kabwe ndiyo iliyowasilisha taarifa ya Tegeta Escrow, kashfa ya fedha zilizotolewa kwenye akaunti maalumu ya malipo ya umeme, Novemba 2014. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, alijiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Hata hivyo kamati haimfukuzi mtu. Inapendekeza, Bunge linaazimia, kisha utekelezaji unarudi kwa Serikali ile ile iliyokuwa inahojiwa. Hapo ndipo maazimio mengi hulala.

Kwa hiyo ukisikia mjadala wa kurekebisha kamati, uliza kwanza nani anazipanga. Kwetu Spika huteua wajumbe, nao humchagua mwenyekiti wao. Uingereza, baada ya kashfa ya posho za wabunge ya 2009, wenyeviti wengi wa kamati za House of Commons, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, walianza kuchaguliwa na wabunge wote kwa kura ya siri mwaka 2010. Kabla ya hapo wanadhimu wa vyama, wanaosimamia nidhamu ya wabunge wao, walikuwa na mkono mrefu mno.

Muundo nao hubadilika. Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, POAC, ilianza 2008 enzi za Spika Samuel Sitta. Mwaka 2013, chini ya Anne Makinda, ilifutwa na kazi zake zikabebeshwa PAC, ambayo tayari ilikuwa na mzigo wa wizara zote.