"Matumizi" kwenye bili ya maji yana maana gani?

Lalamiko la bili kuandika maji ambayo mtu hakuyatumia nimelisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa jirani aliyenijia na bili mkononi. "Uniti hamsini na nane! Kawaida yetu kumi na tano. Tupo watu watatu tu, tutatumiaje maji yote haya?" Nilimwamini. Maji yale hawakuyaoga, hawakuyapikia wala kuyafulia. Hata hivyo bili ilikuwa sahihi, kwa sababu neno "matumizi" kwenye bili ya maji haliulizi maji yamefanya kazi gani.

Maana yenyewe ni fupi: usomaji wa mita wa sasa, toa usomaji uliopita. Jibu linahesabiwa kwa meta za ujazo, ambazo wengi tunaziita uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kilichopita kwenye mita kimehesabiwa kuwa matumizi. Basi.

Hapo ndipo mtu anapokasirika, na sina ubishi naye. Katika mazungumzo ya kila siku kutumia kitu ni kukipa kazi. Sukari ikimwagika hatusemi imetumika, tunasema imemwagika. Sasa mtu akiandikiwa "matumizi yako" kwa maji ambayo hakuyatia hata kwenye sufuria, anasikia kama anaitwa mwongo.

Lakini hebu tulitazame neno. Kutumia kumetoka kwenye kutuma. Ukoo wake ni mtume, mtumwa, mtumishi, na humo mote yupo anayetuma na kipo au yupo anayetumwa. Kutumia jembe ni kama kulituma likufanyie kazi. Na ile maana ya kupelekewa haijafa hata kidogo, tunayo midomoni kila siku: ukimwambia mtu "nitumie picha", hakuulizi utaifanyia nini. Anakuletea, na kuanzia hapo picha ni yako, uitazame usiitazame. Sidai kwamba aliyeandika bili ya kwanza alikuwa na hilo kichwani. Nasema tu kwamba ukilisikia neno "matumizi" kwa sikio hilo, kama maji uliyotumiwa, utakuwa karibu zaidi na kile ambacho mita inapima kuliko ukilisikia kama maji uliyoyatumia. Mita ni mlango. Inahesabu wanaoingia, haiwafuati chumbani.

Na mlango huo ndio unaogawa wajibu. Katika kanuni nyingi za huduma ya maji, bomba la kuja mpaka kwenye mita, pamoja na mita yenyewe, ni la mtoa huduma. Kuanzia mita kwenda ndani ni la mteja. Kwingine mpaka ni valvu ya kufungia au ukingo wa kiwanja, kwa hiyo mkataba wako usome. Ila popote mpaka ulipo, maji yaleyale yakivuja kwenye tundu lilelile hubadilika jina kulingana na upande. Yakivuja kabla ya mita yanaitwa upotevu, na hasara ni ya mtoa huduma. Yakivuja baada ya mita yanaitwa matumizi, na hasara ni yako. Watu wakisema "bili yangu imejaa upotevu wa maji" natamani kuwasimamisha hapohapo, kwa sababu upotevu, kwa lugha ya kazi hiyo, ni yale maji yaliyozalishwa na hayakuingia kwenye bili ya mtu yeyote: ya bomba kuu lililopasuka, ya maunganisho ya wizi, na yale ambayo mita chakavu haikuyaona. Mita ya kuzunguka ikizeeka kwa kawaida husoma pungufu, na uvujaji mdogo mno huwa hauna nguvu ya kuizungusha. Kwa hiyo "matumizi" wakati mwingine hata si maji yote yaliyokufikia.

Nilikwenda na jirani hadi kwenye mita yake. Tulifunga kila koki ndani ya nyumba, tukainua mfuniko, nikafuta udongo kwenye kioo kwa kidole gumba. Namba nyeusi zimetulia. Pembeni yake kinyota chekundu, kidogo kama punje ya mchele, kile kinachozungushwa na maji yanayopita, kinazunguka, kinasita, kinazunguka. Akainama, akakitazama muda mrefu bila kusema neno. Tulitia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, tukakaa robo saa bila kuvuta maji, na rangi ikaonekana kwenye bakuli la choo: mpira wa kuzibia chini ya tangi ulikuwa umelika. Hakuna aliyesikia chochote mwezi mzima. Uvujaji wa lita moja kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 43 na ushee. Jumlisha na kumi na tano zake.

Yapo malalamiko mengine ambayo ni ya haki kabisa, na yanaharibika yakichanganywa na hili. Kama usomaji ni wa kukadiria kwa sababu msoma mita alikuta geti limefungwa, dai usomaji halisi. Kama maji huja kwa mgao, upepo uliobaki bombani unaweza kuizungusha mita kabla maji hayajafika, na hilo ni la kuripoti. Kama unaishuku mita, omba ipimwe. Mara nyingi gharama humwangukia yule ambaye kipimo kimemkataa. Usiikate lakiri yake ili uikague mwenyewe, maana hapo kosa linahamia kwako.

Kwa hiyo jirani yangu, ukifika dirishani kwa mtoa huduma, usianze na "sikuyatumia". Karani atakuonyesha namba mbili na mazungumzo yataishia hapo. Mwambie: "Yamepita kwenye mita, nimeona yalikovuja, nimerekebisha, na picha hii hapa." Kisha uliza kama kanuni zao zina nafuu kwa uvujaji uliojificha. Wengine wanayo, na huitoa kwa anayeonyesha kwamba ameshaziba.