Jenereta Inayopandisha na Kushusha Mlio: Yanayosemwa Goma na Ukweli Wake

Umeme ukikatika jioni mjini Goma, mtaa mzima hujua jenereta ya nani inaumwa. Mlio unapanda, unashuka, unapanda tena, na taa zinaufuata. Yanayosemwa kuhusu ugonjwa huo ni mengi, na baadhi yake huua mashine ambayo ingepona kwa kusafishwa tu.

“Ni mwinuko wa Goma.” Hili linaaminiwa hata na mafundi. Ni kweli mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Lakini hewa ikipungua huku jeti (tundu la kupimia petroli) ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ni ileile, petroli ndiyo inayozidi. Utaona moshi mweusi, masizi kwenye plagi, na nguvu kupungua kwa takriban asilimia 3 kila mita 300 unazopanda. Mlio wa kupanda na kushuka kwa kawaida hutoka upande wa pili kabisa: injini ina njaa ya petroli.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Injini ikiwa imepata moto, funga choki, kile kinachopunguza hewa inayoingia, polepole hadi nusu. Mlio ukitulia, basi petroli haifiki ya kutosha, au kuna hewa inayopenya isikotakiwa.

“Gavana imeharibika.” Gavana inalaumiwa kwa sababu ndiyo inayoonekana ikicheza. Kazi yake ni kushikilia mizunguko karibu na 3,000 kwa dakika, ili jenereta nyingi ndogo zitoe umeme wa hezi 50. Petroli ikipungua, mizunguko inashuka. Gavana inafungua njia, injini inaruka kupita kiasi, gavana inafunga, injini inashuka tena. Anayekimbilia kukaza springi yake anapandisha mizunguko na volti pamoja, na friji au televisheni ya nyumbani ndiyo inayolipa. Safisha kabureta kwanza. Kama mlio haujatulia, hapo ndipo uangalie kama fito za gavana zimepinda au zinakwama.

“Toa chujio la hewa, injini ipumue.” Ushauri huu unaniuma kuliko yote. Chujio chafu huinyima injini hewa, haliiletei njaa ya petroli. Ukilitoa, hewa inazidi na njaa inaongezeka. Tena hapa Goma! Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na hadi leo tunakanyaga mawe yake. Vumbi lake jeusi ni jiwe lililosagika. Likiingia kwenye silinda linakwangua ringi za pistoni, na fundi hatakuwa na dawa ila kufungua injini nzima.

“Jeti ikiziba, itoboe kwa sindano.” Tundu la jeti ndogo mara nyingi halifiki nusu milimita. Sindano ya chuma hulipanua, na kipimo kikishapotea hakirudi. Tumia uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha upulize kwa hewa ya kompresa. Mlio ukitulia unapochomeka mzigo, yaani vyombo vinavyotumia umeme, shuku jeti hiyo ndogo. Ukiendelea hata chini ya mzigo, angalia jeti kubwa, bomba la petroli na kichujio chake.

“Kosa ni la kadafi.” Kadafi ni muuzaji wa petroli wa kando ya barabara. Nusu yake kweli. Petroli yake huweza kuwa na maji na uchafu, lakini hata iliyo safi, ikilala wiki nyingi ndani ya kabureta, huacha gundi. Iache petroli itulie kwenye chupa inayoonyesha ndani: maji hukaa chini. Na jenereta ikiwekwa muda mrefu, mwaga petroli yote ya kabureta.

Kuna na sababu ndogo zinazosahaulika. Legeza kifuniko cha tangi; mlio ukitulia, tundu lake la hewa limeziba. Kagua gasketi kati ya kabureta na injini. Kwa injini ya zamani, tikisa mhimili wa kilango cha hewa ndani ya kabureta: ukicheza, hewa inapenya pale, na kusafisha hakutasaidia. Nunua kabureta nyingine.